Chai, kahawa na mitishamba kwa mjamzito: vipimo gani tuandike kwenye ukurasa wa kliniki?

mhudumu_kata

Habari za leo wadau.

Naandaa ukurasa mmoja wa kuwasomea akina mama siku ya kliniki ya wajawazito, kuhusu vinywaji tu. Vijitabu vilivyopo vinasema "kafini isizidi miligramu 200 kwa siku", halafu vinatoa mfano wa magi mbili za kahawa ya unga. Shida ni kwamba mama wa hapa hapimi kwa magi. Chai inachemshwa sufuria nzima, inatiwa kwenye chupa, anakunywa kikombe asubuhi, nusu saa nne, kingine jioni, na majani yametiwa kwa kukadiria. Wa pwani anakunywa kahawa kwa finjani. Mwingine hanywi chai wala kahawa lakini ana chupa ya maji ya majani anayokunywa siku nzima, na ukimuuliza anakujibu "hii si dawa, ni majani tu".

Naomba wenye utaalamu mnisaidie mambo matatu:

1. Namna ya kukadiria kafini ambayo mama anaweza kuifanya nyumbani bila mizani.
2. Mitishamba ya kwetu: ipi ni kinywaji cha kawaida, ipi ina kiwango, ipi isiguswe kabisa. Ninayokutana nayo zaidi ni tangawizi, mchaichai, rozela, mlonge, uwatu, mwarobaini, shubiri, pakanga, na dawa za kuharakisha uchungu.
3. Vidonge vya damu na chai. Wengi wanameza FEFO kwa chai ya asubuhi kwa sababu ndiyo kinywaji kilichopo mezani.

Tafadhali mnipe na sababu. "Usinywe" peke yake haifanyi kazi.

---

mfamasia_dirishani

Naanza na swali la kwanza.

Achana na vikombe. Hesabu pakiti. Kafini iko kwenye majani, na majani yetu haya ya chembechembe yakichemshwa kwenye sufuria hutoa karibu kafini yote iliyomo. Kwa hiyo haijalishi kikombe ni kikubwa au kidogo, kinachohesabika ni gramu ngapi za majani zimeishia tumboni mwa nani. Chukua gramu 1 ya majani makavu kuwa na miligramu 30 za kafini. Yapo yenye pungufu ya hapo, lakini kwa hesabu ya mjamzito ni afadhali ukosee kwa kuzidisha.

Pakiti ya gramu 100 basi ina miligramu 3,000. Muulize mama maswali mawili tu: pakiti hiyo inaisha kwa siku ngapi, na nyumbani kwenu wanywaji mko wangapi?

Inaisha kwa siku 10, wanywaji 4: 3,000 gawa kwa 10 ni 300 kwa siku, gawa kwa 4 ni 75 kila mmoja. Huyo hana tatizo lolote.

Inaisha kwa siku 4, wanywaji 3: 750 kwa siku, gawa kwa 3 ni 250. Huyo amezidi, na hajawahi kunywa kahawa maishani mwake.

Kama yeye anakunywa vikombe viwili na watoto kimoja kimoja, mhesabu yeye kama wanywaji wawili. Akina mama wanaielewa hesabu hii haraka kuliko sisi, maana siku ambayo pakiti inaisha wanaijua vizuri sana.

Kahawa. Ya unga wa kuyeyuka: kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 2 hivi, na hiyo ni kama miligramu 60. Wanaojaza kijiko mpaka kinamwagika wakadirie 90 na zaidi. Kahawa ya kusaga inategemea aina. Arabika, ile ya Kilimanjaro na Mbeya, ina kama miligramu 12 kwa gramu. Robusta ya Kagera ina karibu mara mbili ya hiyo. Anayetafuna kahawa kavu za Bukoba naye ahesabiwe: robusta gramu 5 ni kama miligramu 100, ikiwa imenywewa au imetafunwa.

Vinywaji vya kuongeza nguvu: lebo nyingi zinasema miligramu 32 kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 300 ni 96. Chupa mbili zinakaribia kumaliza kiwango cha siku, na sukari yake inaweza kufika vijiko vinane vya chai kwa kila chupa. Kwa mjamzito hizi nashauri ziachwe kabisa, kwa sababu hazinywewi taratibu kama chai. Zinashushwa kwa mkupuo, mara nyingi na mtu ambaye hajala. Soda ya kola ina kama miligramu 10 kwa mililita 100, hiyo si ya kugombania.

Halafu mahali ambapo watu hawapaangalii: dawa za maumivu. Panadol ya kawaida haina kafini. Panadol Extra ina miligramu 65 kwa kila kidonge, na dozi ni vidonge viwili, yaani 130. Mjamzito mwenye kichwa kinachouma anapewa parasetamoli tupu. Dukani ukisema "nipe Panadol" tu, taja na ipi.

Sababu ya kiwango chenyewe ni hii. Kwa mtu asiye mjamzito, nusu ya kafini huondoka mwilini kwa saa 3 hadi 5. Ujauzito unapokua, kimeng'enya cha ini kinachoivunja kafini hupungua nguvu, na kwenye miezi mitatu ya mwisho nusu hiyo huchukua saa 10 hadi 15, wengine zaidi. Kikombe cha saa kumi jioni bado kimo kwenye damu alfajiri, kisha cha asubuhi kinapandishwa juu yake. Kafini inapita kondo la nyuma bila kizuizi, na mtoto hana kimeng'enya cha kuivunja. Kinachoogopwa ni mimba kutoka na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo.

---

kahawatungu_mvita

Salaam kutoka Mombasa. Mfamasia hujatupa hesabu ya finjani. Huku kahawa tungu hupikwa kwenye dele (birika la kahawa) muda mrefu mpaka ikaiva, tena kwa tangawizi. Finjani ni kidogo, lakini hakuna anywaye moja.

Pili, mbona Shirika la Afya Duniani (WHO) lataja 300 na nyinyi mwasema 200?

---

mfamasia_dirishani

Ndugu yangu, finjani tuipigie hesabu. Tuseme dele la lita moja limetiwa gramu 60 za kahawa ya kusaga, yaani vijiko vya chakula kumi hadi kumi na viwili. Ikiwa ni arabika: 60 mara 12 ni 720. Finjani ya mililita 60 inabeba kama 43. Nne ni 172, ya tano inavuka 200. Ikiwa ni robusta, au mchanganyiko wenye robusta nyingi, finjani tatu zinatosha kukuvusha. Anayepika ndiye mwenye siri ya dele, kwa hiyo mwambie mjamzito finjani mbili na aishie hapo.

Kuhusu 300 na 200: mwongozo wa WHO wa mwaka 2016 unasema anayekunywa zaidi ya miligramu 300 kwa siku apunguze. Hapo 300 ni mahali pa kumshika mtu mkono apunguze, si kiwango cha kumruhusu. Waingereza, madaktari wa uzazi wa Marekani na mamlaka ya chakula ya Ulaya wao wanaweka mpaka wa 200. Wapo pia watafiti wanaoona hata 200 ni nyingi. Kwenye karatasi ya kliniki andika 200 na usitaje ya pili, utawachanganya.

---

lishe_na_damu

Mhudumu, swali lako la tatu ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, kwa sababu upungufu wa damu (chini ya gramu 11 kwa desilita) tunauona kila siku, na kafini ya kuzidi 200 si wengi wanaoifikia.

Chai ina tanini. Tanini inayakamata madini ya chuma yakiwa bado tumboni, yanakuwa kitu kimoja kisichonyonyeka, yanatoka na choo. Chuma cha kwenye mboga, maharage na vidonge ndicho kinachokamatwa zaidi. Cha kwenye nyama kidogo kinasalimika. Kikombe cha chai pamoja na mlo wa maharage kinaweza kupunguza chuma kinachonyonywa kwa zaidi ya nusu. Kutia maziwa hakuokoi, maana maziwa nayo yana kalsiamu inayoshindana na chuma. Kahawa hufanya hivyohivyo, japo kidogo kuliko chai.

Kidonge cha FEFO kina miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za foliki asidi. Ukimeza kwa chai ya maziwa umemeza foliki, chuma umekiacha njiani.

Ratiba ninayoipendekeza: chai asubuhi kama kawaida. Kidonge usiku kabla ya kulala, saa mbili baada ya chakula, kwa maji au maji ya chungwa au ukwaju. Vitamini C inasaidia chuma kunyonywa. Usiku pia kichefuchefu cha kidonge kinampita akiwa usingizini, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya wengi kuvitupa. Anayesahau usiku ameze saa nne asubuhi, mbali na chai kwa saa moja kabla na mbili baada. Mwambie mapema choo kitakuwa cheusi, asishtuke akaacha.

Sasa hili la vinywaji vyekundu. Rozela, juisi ya bitiruti, soda nyekundu iliyochanganywa na nyanya: vinanywewa kwa imani kwamba rangi ya damu inaleta damu. Soda na nyanya haina lolote, ni sukari. Bitiruti ni chakula kizuri chenye foleti, chuma chake ni kidogo. Rozela (wengine mnaita choya) ina uchachu na vitamini C kiasi, lakini pia ina kemikali za jamii ileile ya tanini, na kwa mjamzito ina mambo mengine ambayo nadhani mkunga atayasema. Kama dawa ya kuongeza damu, haifai kuchukua nafasi ya kidonge.

Mlonge vilevile. Makadirio yanayotajwa sana kwa unga wa majani makavu ni kama miligramu 28 za chuma kwa gramu 100. Kijiko cha chai ni gramu 2 au 3. Hesabu mwenyewe: haifiki hata miligramu 1, ukilinganisha na 60 za kidonge, na hiyo moja haiingii yote. Majani ya mlonge kama mboga au kijiko cha unga kwenye uji, ale kwa raha zake. Nasema majani. Mizizi na magome ni habari tofauti kabisa.

---

mfamasia_dirishani

Naongeza moja kwa lishe, maana linasahaulika hata na sisi. Mjamzito mwenye shinikizo la damu anayetumia methildopa asimeze FEFO pamoja nayo. Chuma kinaizuia methildopa kunyonywa, na mama anakuja kliniki shinikizo limepanda ilhali anaapa kwamba dawa anameza. Kweli anameza. Zitenganishwe angalau saa mbili, au methildopa mchana na FEFO usiku kama zamu zinaruhusu.

---

mkunga_zamu_ya_usiku

Nimesoma yote, asanteni. Mitishamba niachieni mimi.

Kwanza mhudumu, usiwapangie kwa jina la mmea peke yake. Uliza vitu vitatu: sehemu gani ya mmea, kiasi gani, na kwa muda gani. Tangawizi ya kwenye chai na tangawizi iliyosagwa nusu kilo ikachemshwa inywewe glasi tatu ni vitu viwili. Kiasi cha kiungo ni kimoja, kiasi cha dawa ni kingine. Na unapouliza, usianze na "unatumia dawa za kienyeji?" Atakujibu hapana. Uliza "nyumbani mnachemsha nini kwa ajili ya mimba?"

Tangawizi. Hii naitetea. Ni miongoni mwa vitu vinavyopendekezwa na WHO kwa kichefuchefu cha miezi ya mwanzo. Kiwango ni gramu 1 ya tangawizi kavu kwa siku, igawanywe mara tatu au nne. Unga: nusu kijiko cha chai kilichosawazishwa ndicho hicho, kwa siku nzima. Mbichi: gramu 5 hivi, kipande kama pingili ya juu ya kidole cha shahada. Parua, mimina maji ya moto, funika dakika 10, unywe kidogokidogo kabla ya kuinuka kitandani na kabla ya milo. Ukizidisha kinachokuja kwanza ni kiungulia, na mwenye mimba kubwa kiungulia anacho tayari. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au anayetokwa damu, asitumie kama dawa. Na angalieni mtego huu: "chai ya tangawizi" ya pakiti za dukani mara nyingi ni majani ya chai yaliyotiwa tangawizi. Ina kafini na tanini kama nyingine. Ageuze pakiti asome viambato. Asiyeshikilia hata maji tumboni siku nzima, mkojo umekuwa wa rangi ya chai na mdogo, huyo tangawizi imemshinda, aje atundikiwe maji.

Mchaichai: majani matatu manne kwa lita, bila majani ya chai, hauna kafini wala tanini ya kutisha. Ni mbadala mzuri wa jioni. Mafuta yake ya kwenye chupa hayanywewi. Iliki, mdalasini, karafuu kwa kiasi cha kunukisha chai, havina neno. Kijiko kizima cha mdalasini kila siku "kwa ajili ya sukari", hapana. Mdalasini mwingi wa madukani una kumarini, na ikizidi inaliumiza ini.

Uwatu. Mbegu chache kwenye mchuzi ni chakula. Vijiko vya unga kila siku ndani ya mimba, hapana: kwa wingi unaweza kuchochea mji wa mimba na unashusha sukari, jambo baya kwa aliye kwenye dawa za kisukari. Wengi wanauanza karibu na kujifungua ili maziwa yaje. Mtoto akizaliwa ananuka utamu kama sukari iliyoungua, mkojo na ngozi, na harufu hiyohiyo inafanana na ya ugonjwa mmoja wa kurithi wa watoto wachanga. Daktari asiyejua kuhusu uwatu ataanza kumpima mtoto vipimo vya bure. Ungojwe mpaka ajifungue.

Rozela. Glasi moja ya siku ya sherehe haitamdhuru mtu. Kuinywa lita kila siku ndani ya mimba nakataza: ina sifa ya kuchochea hedhi, majaribio ya wanyama hayajaleta picha nzuri, na inashusha shinikizo, kwa hiyo mwenye dawa za shinikizo anajiongezea dozi asiyoijua.

Sasa za kuacha kabisa.

Shubiri. Watu wanachanganya vitu viwili. Ndani kuna ute mweupe, chini ya ganda kuna utomvu wa njano mchungu. Ule wa njano ndio unaoendesha tumbo, na ukiendesha tumbo kwa nguvu mji wa mimba nao unaitikia. Mama anaharisha, anapoteza maji na potasiamu, misuli inalegea, tumbo linakaza. Nyumbani hakuna anayeweza kuutenganisha utomvu na ute kwa usalama. Sanamaki si mmea wa ukoo mmoja na shubiri, lakini nayo inaendesha tumbo vilevile, na imefichwa ndani ya "chai za kupunguza tumbo". Mwenye choo kigumu ana njia nyingine: maji, papai lililoiva, mboga, na kama haitoshi dawa laini ya hospitali.

Mizizi na magome ya mlonge, mwarobaini wa kunywa, na mchanganyiko wowote usio na jina unaouzwa kama "kusafisha kizazi". Mizizi ya mlonge kwa jadi imetumika kutoa mimba, hiyo pekee inatosha. Mwarobaini wa kuoga kwa ajili ya muwasho ni jambo jingine.

Pakanga kwa malaria. Hapa nakuwa mkali. Chai ya pakanga ina dawa kidogo na isiyopimika, inapunguza wadudu bila kuwamaliza. Mama anajisikia nafuu, homa inashuka, huku wadudu wamejificha kwenye kondo la nyuma na mtoto anakosa chakula. WHO haiungi mkono kutibu malaria kwa majani haya. Mwenye homa apimwe. Mseto (dawa ya malaria ya ALu) sasa unakubalika hata kwenye miezi mitatu ya kwanza, na SP (vidonge vya kukinga malaria) huanza kwenye kipindi cha pili, dozi zikipishana mwezi. Kwa wanaogawa SP: foliki asidi ya miligramu 5 inaipunguza nguvu. Ile ya 0.4 ndani ya FEFO haina shida.

Dawa za uchungu nimeziacha mwisho makusudi, kwa sababu ndizo zinazoleta vifo mezani. Mizizi iliyochemshwa, majani ya kusagwa, mafuta ya nyonyo. Wengi wanafikiri hazifanyi kazi, ni imani tu. Zinafanya kazi, na tatizo liko hapohapo. Mafuta ya nyonyo yakimeng'enywa hutoa asidi inayogusa swichi zilezile za mji wa mimba zinazoguswa na dawa zetu za kuanzishia uchungu.

Hospitalini uchungu ukizidi naifunga dripu ya oksitosini, na ndani ya dakika chache mji wa mimba unaanza kutulia. Kikombe cha mizizi kikishamezwa hakina pa kufungia. Uchungu unakuja zaidi ya mara tano ndani ya dakika 10, hauachii nafasi, na kati ya uchungu na uchungu ndipo mtoto anapopata hewa. Mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka chini ya 110 kwa dakika, maji yanatoka ya kijani. Mwenye kovu la upasuaji ndiye wa kuogopa zaidi: mji wa mimba unapasuka kovuni.

Mbaya kuliko yote ni mama aliyekunywa nyumbani, akaficha, akafika uchungu wake unaonekana kuchelewa kidogo kwenye chati, akawekewa oksitosini juu yake. Kwa hiyo swali la mapokezi liulizwe kwa upole, faraghani, mama mkwe akiwa nje: "Umepewa kitu cha kunywa kusaidia uchungu? Saa ngapi?" Akisema ndiyo, ukimkaripia, wa kitanda cha pili amekusikia na hatakuambia.

---

nalongo_kla

Mimi niko Kampala. Ongezeni na udongo wa dawa. Huku tunauita emmumbwa: udongo uliofinyangwa pamoja na majani yaliyosagwa, ukakaushwa kama kijiti. Mama anausugua kwenye maji kidogo na kunywa, wengine tangu miezi ya mwanzo mpaka kujifungua. Nimeona na wa kwenu wanakula udongo mtupu, ule wa masokoni.

Ubaya ni mara tatu. Udongo unashika chuma tumboni kama chai inavyofanya. Baadhi una risasi, nayo inapita kwa mtoto. Na majani ya ndani huyajui, kila mtengenezaji ana yake, yakiwemo yale ya kuleta uchungu. Anayetamani udongo sana apimwe damu kwanza, mara nyingi hamu yenyewe ni dalili ya upungufu.

---

mhudumu_kata

Mmenisaidia kuliko nilivyotarajia. Nimeandika rasimu hii ya kusomwa kwa sauti, niikosoeni:

"Mama, majani ya chai ya pakiti ya gramu 100 yakiisha nyumbani kwa siku chache, tuhesabu pamoja. Kahawa, finjani mbili zinatosha. Vinywaji vya kuongeza nguvu viache mpaka ujifungue. Kidonge cha damu meza usiku kwa maji, si kwa chai. Tangawizi kwa kichefuchefu, kipande kama pingili ya kidole kwa siku. Jioni kunywa mchaichai. Shubiri, sanamaki, mizizi, mwarobaini na dawa za kusafisha kizazi usinywe. Ukiwa na homa usinywe pakanga, njoo upimwe. Uchungu ukianza usinywe kitu cha kuuharakisha, na kama umekunywa tuambie."

Swali la mwisho: mama aliyezoea vikombe sita aache leo leo?

---

lishe_na_damu

Asiache ghafla. Ndani ya saa 12 hadi 24 kichwa kitaanza kumuuma, atachoka, atakuwa na hasira, na inaweza kuendelea hadi wiki nzima. Matokeo yake atakimbilia dawa za maumivu, pengine zile zenye kafini, au atarudi kwenye vikombe saba.

Apunguze majani, vikombe aviache hivyohivyo. Kama sufuria inatiwa vijiko vinne, siku tatu atie vitatu, siku tatu viwili na nusu, kisha viwili, huku akizidisha iliki na mchaichai ili ladha isipotee. Baadaye, akianza kupunguza na vikombe, cha kwanza kuondoka kiwe cha jioni. Maziwa yachemke kabisa, ya mabichi yana hatari ya bruselosi, na hiyo nayo hutoa mimba.

---

mkunga_zamu_ya_usiku

Rasimu nzuri, rekebisha sehemu mbili. "Mizizi" peke yake haitaeleweka, mwingine ataacha mihogo. Sema "mizizi na magome ya kuchemsha". Na pale mwishoni ongeza "hatutakugombeza". Wauguzi wenzako nao waisome karatasi kabla haijabandikwa, maana sentensi hiyo ni ahadi yao.

---

mfamasia_dirishani

Na "siku chache" iwe namba. Kwa wanywaji watatu, pakiti ya gramu 100 isiishe kabla ya siku 5: hapo kila mmoja yuko kwenye 200 kamili. Wanywaji wanne, siku 4 zinawaweka kwenye 187. Akiwa anakunywa peke yake, siku 15.